Chupa isiyo na mwenyewe: jibu kwa dada anayeanza utafiti maabara

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Naanza utafiti wa masters, nakamua dawa kwenye majani na magome kwa vimiminika vya kuyeyushia, yaani heksani, klorofomu na methanoli, baadae nitapima madini kwenye udongo ilikoota hiyo miti, hapo natumia asidi ya naitriki. Maabara yetu ina hudi moja (kabati la kuvuta mvuke wa kemikali nje) inavuta kwa kujisikia, glavu ni zile nyeupe za latex, na stoo ina chupa za tangu enzi za mwalimu aliyestaafu, moja imeandikwa etha na kizibo chake kina kitu cheupe. Supavaiza anasema kizazi chetu waoga, wao walipipeti kwa mdomo, yaani walivuta kemikali kwa mrija kama soda, na wako hai. Niogope nini kwanza? Na ni kweli maziwa yanatoa sumu?"

Marahaba dada. Umeuliza mambo matano kwa mpigo ila ntaanza na hiyo etha, maana mengine yote yanaweza kusubiri mpaka wiki ijayo na hiyo haisubiri. Usiiguse. Usiifungue, usikifute hicho kitu cheupe, usiisukume pembeni kidogo ili upate nafasi ya kuweka heksani yako, na mtu wa usafi asiingie na dekio humo ndani. Funga mlango wa stoo, bandika karatasi, alafu urudi uendelee kunisoma.

Etha ikikutana na hewa inatengeneza peroksaidi, taratibu, mwezi kwa mwezi, na mwanga unaharakisha. Hizo peroksaidi hazipai kama etha yenyewe, kwahiyo etha inavyotoroka kidogo kidogo pembeni ya kizibo zenyewe zinabaki pale pale shingoni, zinakauka, zinakuwa fuwele nyeupe. Sasa wewe ukija ukazungusha kizibo unazisaga fuwele kati ya kizibo na kioo na msuguano huo tu unaweza kutosha kulipua, na chini yake kuna kimiminika kinachodaka moto kama petroli. Kiwandani huwa wanatia dawa ya kuzuia hilo, inaitwa BHT, lakini dawa inaliwa inaisha. Na sisi wa pwani tuna balaa letu la ziada: etha inachemka kwenye nyuzi 34.6 tu, na we unaujua mwezi wa pili saa nane mchana kwenye stoo isiyo na dirisha, chupa inakuwa inapumua, mchana inasukuma mvuke nje, usiku ikipoa inavuta hewa mpya ndani, kila siku, miaka na miaka. Chupa iliyokaa Ulaya kwenye kabati la baridi na iliyokaa Tanga sio umri mmoja hata kama zilitoka kiwandani siku moja.

Kuiondoa sio kazi yako, wala sio ya teknishiani wenu hata kama ana moyo. Mkuu wa idara aandike barua, chuo kiwasiliane na Mkemia Mkuu wa Serikali, wao ndo waseme aje nani. Na akitokea mtu akakwambia unakuza mambo mwambie Uingereza mwaka 2016 wanajeshi wa kutegua mabomu walikuwa wanaitwa kwenye mashule, shule za sekondari kabisa, kisa chupa za DNPH zilizokauka makabatini, ile ile DNPH tunayotumia kutambua aldehaidi kwenye praktiko. Ukiwa hapo mlangoni angalia kwa macho tu kama kuna asidi ya pikriki pia, ni ya njano, watu wa biokemia wanapimia kreatinini na watu wa histolojia wanahifadhia tishu. Ile inauzwa ikiwa imelowa maji makusudi, maji yakikauka unabaki na baruti. Ukiiona na yenyewe ni hivyo hivyo, mikono mfukoni.

Haya sasa swali lako kuu, uogope nini kwanza. Nimekaa maabara miaka ishirini na kitu, na wanafunzi wote wanaanza kwa kuogopa jina. Sianaidi! Zebaki! Ukiwapa sianaidi wanashika kama yai, wanasoma, wanauliza mara tatu, na hakuna kinachotokea. Kinachotokea kinatokea na chupa ambayo haina mwenyewe. Chupa ya taka iliyokaa pembeni ya sinki ambayo kila mtu anamimina na hakuna anayejua ndani kuna nini, chupa ya mwanafunzi aliyemaliza akaondoka na kuacha imeandikwa "Soln B", chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa methanoli "kwa leo tu". Kemikali ina tabia zake na tabia zake zimeandikwa, unaweza kuzisoma jioni moja ukazijua, ila chupa isiyojulikana huwezi kuisoma.

Ntakupa ya kwangu. Maabara moja niliyowahi kufanya kazi, siitaji, kijana alikuwa anaosha kruseti, vile vibakuli vya kuchomea sampuli, kwa asidi ya naitriki, akamaliza, akaangalia asidi iliyobaki aiweke wapi, akaona chupa ya kahawia ya lita 2.5 imeandikwa TAKA, imefika nusu. Akamimina, akafunga kizibo vizuri kabisa, na kufunga vizuri ndo tulichomfundisha. Humo kulikuwa na ethanoli ya watu wa botania. Asidi ya naitriki na ethanoli haziwaki pale pale, hapo ndo ubaya ulipo, kwanza zinakaa kimya kama zimeelewana, alafu mmenyuko unajipasha joto wenyewe, gesi inaanza kutoka, na gesi haina pa kwenda. Yule kijana alishaenda kula. Mi nilikuwa chumba cha pili najaza fomu za oda nikasikia kama mtu kaangusha kabati la vyombo. Tulikuta kioo kimeingia kwenye silingi bodi, vipande vimesimama juu kama miba ya nungunungu, moshi wa rangi ya hudhurungi umejaa, na stuli aliyokuwa amekalia, kwenye mto wake wa sponji, kuna kipande kirefu kama kidole. Dakika arobaini kabla alikuwa juu ya hiyo stuli. Hakuna aliyeumia na kwa sababu hakuna aliyeumia hakuna kilichoandikwa, wiki ya pili kulikuwa na chupa nyingine TAKA pale pale.

Kwahiyo wewe siku yako ya kwanza kabla hujapima hata gramu moja ya majani tafuta chupa zako za taka, safi, kavu, ziwe zako peke yako. Kazi yako inahitaji tatu angalau. Ya kwanza ya heksani na methanoli na asetoni ya kusuuzia. Ya pili ya klorofomu, peke yake, kwanza vimiminika vyenye klorini vikichomwa vinatoa asidi kwahiyo anayekuja kuchukua taka anavitoza tofauti, alafu klorofomu na asetoni zikikutana na alkali, hata sodiamu haidroksaidi kidogo iliyobaki kwenye bika, zinamenyuka kwa hasira na hiyo watu wengi hawaijui. Ya tatu ya asidi yenye udongo, na hii isikae kabati moja na hizo mbili, wala isifungwe kizibo cha kubana siku ile ile, iachie ipoe na itoe gesi zake ndani ya hudi, chupa isijazwe mpaka mdomoni. Kila chupa andika kwa kirefu, sio "HNO3 waste", andika asidi ya naitriki, asilimia ngapi kwa kukadiria, udongo wa wapi, tarehe ulipoanza kumimina, na jina lako na namba ya simu. Jina lako ndo dawa yenyewe hapo. Mtu akitaka kumimina cha kwake kwenye chupa yenye jina la mtu anasita.

Na usimwage kwenye sinki. Najua watu wanamwaga. Heksani haichanganyiki na maji, inaelea kwenye bomba, mvuke wake mzito kuliko hewa unatembea chini chini unatokea kwenye sinki la chumba kingine ambako mtu kawasha bunseni. Na vyuo vyetu vingi sinki linaishia kwenye shimo la septiki hapo nyuma ya jengo, sio kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Wenzako wanaopima COD, kile kipimo cha uchafu wa maji, wakamwaga zile taka zao wajue wamemwaga zebaki na kromiamu kwenye hilo shimo.

Stoo nayo. Watu wanapanga kemikali kwa alfabeti kama kitabu cha simu, inapendeza machoni, kumbe alfabeti haijui kemia. Inaweka asidi ya asetiki jirani na amonia naitreti. Asidi ya naitriki ikae peke yake, chini, kwenye beseni la plastiki, mbali na kila kinachowaka ikiwemo ile asidi ya asetiki ambayo watu wanaihesabu ni asidi mwenzake. Na kingine usiweke etha au heksani kwenye friji la kawaida la nyumbani, hata kama linaonekana ndo sehemu ya ubaridi, taa na thermostati vinatoa cheche ndani, mvuke umejaa humo, mlango unakuwa bomu.

Kuhusu glavu. Hapa kuna kisa nakirudia kila mwaka kwa wanafunzi wapya. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia chuo cha Dartmouth kule Marekani, fani yake ilikuwa madhara ya metali zenye sumu, yaani huwezi kumwambia huyu hakujua. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa anafanya kazi na daimethili zebaki, kimiminika cha zebaki chenye sumu kali, ndani ya hudi, amevaa glavu za latex, tone moja au mawili yakamdondokea juu ya glavu. Akafanya kila kitu alichotakiwa kufanya kwa elimu ya siku zile. Miezi mitano baadae akaanza kujikwaa, maneno yanamtoka vibaya, wakapima zebaki mwilini ikawa juu sana, tarehe 8 Juni 1997 akafariki. Walipokuja kuzijaribu zile glavu wakakuta kemikali ile inapita latex kwa sekunde 15 au pungufu. Glavu haikutoboka, haikuyeyuka, haikubadilika rangi. Ilipita tu.

Wewe huna daimethili zebaki na sitaki ukose usingizi, ila fizikia ni ile ile. Latex na heksani ni bure kabisa, latex na klorofomu inavimba kama chapati kwenye mafuta. Nitraili ndo ununue, boksi moja tu liwe lako, kwa heksani inafaa, kwa methanoli inafaa kwa muda mfupi, kwa klorofomu hata nitraili ile nyembamba inapitwa haraka sana, dakika moja hivi au pungufu, kwahiyo ichukulie kama mwavuli wa manyunyu, ikidondokewa unavua hapo hapo unanawa unavaa nyingine, usiseme ntamalizia hii flaski kwanza. Kwa asidi ya naitriki kali usitumie nyembamba ya aina yoyote, tafuta zile nene ndefu za neoprini mpaka kwenye kiwiko. Na tafadhali glavu isishike simu, kitasa cha mlango, wala kuweka nywele sawa. Nimeona mtu anapokea simu ya mama yake na glavu yenye dikromati, chumvi ya kromiamu yenye sumu, simu ile ile shavuni, jioni anampa mtoto aangalie katuni.

Nguo sasa. Mwisho wa mwaka 2008, tarehe 29 Disemba, chuo cha UCLA, mtafiti msaidizi wa miaka 23 alikuwa anavuta tert-butili lithiamu kwa bomba la sindano la plastiki. Ile kitu inawaka yenyewe ikiona hewa. Pistoni ikachomoka. Hakuwa na koti la maabara, alikuwa na sweta la sinthetiki, likashika na kumng'ang'ania mwilini, akafariki siku 18 baadae. Sisi wa huku tuna mambo yetu ya kuongezea. Koti liwe la pamba, lifungwe vifungo vyote, sio lile la poliesta la kupigia picha ya mahafali. Rasta na wivingi za nailoni zinayeyuka kama mshumaa, zifunge ndani ya kofia au kilemba cha pamba. Ukivaa hijabu vaa ya pamba na ncha zote ziingie ndani ya koti, buibui lile jepesi linalopepea liache kwenye loka. Kandambili hapana. Viatu vyenye matundu hapana, hata viwe vya bei gani.

Barakoa haizuii mvuke. Ile ya hospitali ya bluu ni ya matone na vumbi, mvuke wa klorofomu unapita kama haupo, ukinusa harufu ujue ndo hivyo umeshavuta.

Hiyo hudi yenu tuipime. Kata ukanda mwembamba wa toilet pepa, ubandike kwa selotepu chini ya kile kioo cha kupandisha, washa, shusha kioo mpaka usawa wa kifua. Ukanda uvutwe kuelekea ndani, moja kwa moja, pande zote mbili na katikati. Ukiwa unacheza cheza au unarudi kwako, hiyo ni kabati yenye taa. Hudi nzima inatakiwa ivute kama nusu mita kwa sekunde hapo mdomoni. Mara nyingi tatizo sio feni, ni watu wamegeuza hudi stoo, chupa ishirini zimeziba matundu ya nyuma, ukizitoa (zile zinazojulikana tu!) inapona yenyewe. Ukifanya kazi ingiza vyombo ndani sentimita 15 hivi kutoka ukingoni na kichwa chako kibaki nje, inaonekana ni kitu cha kuchekesha kusema ila nimeshaona watu wameingiza kichwa humo wanachungulia.

Ikishindikana kabisa kupona basi kazi ya asidi usiifanyie hapo, omba maabara ya jirani. Hili nakwambia kwa ukali kidogo. Udongo wenye mboji ukipikwa na naitriki unatoa ule moshi wa hudhurungi, ni naitrojeni daioksaidi, na ubaya wake unakohoa kidogo, unatoka nje, unajisikia poa, unapanda daladala unaenda nyumbani, usiku ndo mapafu yanajaa maji. Ukiuvuta wa kutosha kukohoa nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie jina la gesi, usisubiri uone. Na anza na moto mdogo, ikiwezekana iache usiku mzima kwa baridi kwanza ndani ya hudi, ikitiwa moto haraka inafura kama uji na kumwagika juu ya hotipleti. Kama protokali uliyopewa inataka asidi ya pakloriki usiifuate kwenye hudi ya kawaida, chumvi zake zinajijenga ndani ya bomba la kutolea hewa na siku fundi anakuja kugonga bomba na nyundo ndo mnajua.

Umeme na maji. Vitabu vya usalama vimeandikwa sehemu ambazo umeme na maji havikatiki, ndo maana havisemi. Soksleti yako, kile chombo cha kukamulia dawa kwa kimiminika kinachochemka na kurudi, itatembea masaa sita mpaka nane, heksani inachemka nyuzi 69, kinachoizuia isijaze chumba ni maji tu ya bomba yanayopita kwenye kondensa, ule mrija wa kupozea mvuke. Maji yakikatika saa saba mchana na wewe uko kwenye semina, hotipleti inaendelea, heksani yote inatoka juu kama mvuke, flaski inakauka. Kwahiyo soksleti haiachwi peke yake, kama unaenda kula kuna mtu unamuachia kwa jina na yeye kasema ndio. Mi natumia pampu ndogo ya akwarium kwenye ndoo yenye maji na barafu, yanazunguka yale yale, bomba la idara lisijue hata kama nipo, na waya wa pampu na wa hotipleti viko kwenye ekstensheni moja ili umeme ukikatika vizime pamoja. Ukirudi usiku umeme visiwake vyenyewe, chomoa plagi mara tu unapokatika. Hudi nayo inazima, shusha kioo chote, zima moto, tokeni.

Maji hayo hayo ndo ya kuoshea macho. Kemikali ikiingia jichoni ni maji dakika 15 kamili bila kukata, jicho limefunguliwa kwa vidole hata kama unalia, na dakika 15 za kijibomba cha taratibu ni kama lita 23. Nenda kafungue kile kifaa cha kuoshea macho ukutani leo uone kinatoa nini, vingi vinatoa kutu ya brauni kisha hewa. Ndo maana nataka ndoo zile zenye koki tulizonawia kipindi cha korona, mbili za lita 20, zimejaa, kila Jumatatu zinabadilishwa maji, zimewekwa juu ya stuli mahali unapoweza kufika ukiwa umefumba macho. Jaribu kweli, fumba macho utembee kutoka kwenye hudi. Usimwage magadi jichoni ili "kuua asidi", ni maji tu. Ikimwagikia nguo nguo zinatoka, hapo hapo, mbele ya watu, wenzako wageuke au wakushikie koti, aibu inaisha jioni.

Maziwa. Hapana dada, maziwa hayatoi sumu. Najua imezoeleka, wachomeleaji, wapaka rangi, na hata maabara kuna idara zinatoa paketi ya maziwa kama posho. Ulichovuta kiko kwenye damu, maziwa yako tumboni, hawakutani. Kunywa kama unayapenda, lakini nje ya maabara, na usihesabu ni kinga, maana nimeona mtu ameacha kuvaa glavu kwa sababu "leo nimekunywa nusu lita". Na mtu aliyekunywa kemikali usimpe maziwa wala usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenye lebo mkononi, tunarudi kule kule kwenye lebo, daktari akiuliza "kanywa nini" na jibu ni "Soln B" atafanya nini?

Ile SDS, karatasi ya usalama inayokuja na kila kemikali, ina sehemu 16, huwezi kusoma zote kila siku na hakuna anayesoma zote. Soma ya 4 ujue huduma ya kwanza, ya 7 ya kuhifadhi, ya 8 ya mavazi, na ya 10 ambayo inakwambia nini hakitakiwi kukutana na nini. Printi hizo kurasa, bandika ndani ya mlango wa kabati lako. Intaneti haipo siku unayoihitaji.

Supavaiza wako nimemuacha mwisho maana yeye ndo mgumu kuliko etha. Waliopipeti kwa mdomo na wako hai ndo hao wanaosimulia, wasiokuwepo hawasimulii. Mwalimu wangu mmoja mzuri sana alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote, wali ukiungua jikoni anashangaa moshi, na yeye alikuwa anatutania kwamba ni uzee, alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ila usiende kubishana naye kwa mifano hiyo, hutashinda na utakaa naye miaka miwili. Nenda kwa njia ya kazi. Mpelekee karatasi moja, orodha ya chupa za stoo ulizoweza kuziona kwa macho bila kugusa, na ombi la vitu vinne vyenye bei, glavu za nitraili, glavu nene, ndoo mbili, fundi wa hudi. Mwambie kwa upole kwamba sehemu inayotumia kemikali inatakiwa iwe imesajiliwa kwa Mkemia Mkuu chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003, na kwamba etha, asetoni, toluini na asidi ya salfuriki ziko kwenye kundi la kemikali bashirifu, zile wanazozifuatilia kwa ajili ya dawa za kulevya, yaani wakija kukagua wakakuta chupa ya etha isiyo kwenye rejista atakayeulizwa ni yeye sio wewe. Watu wengi ambao hawajali mapafu wanajali rejista. Na barua ya ile etha isiwe yenye jina lako peke yako, iende na saini ya teknishiani.

Alafu umeandika mwishoni kwamba ungependa kunitumia picha ya kile kizibo ili nione vizuri. Sawa tuma, ila piga ukiwa umesimama mlangoni, vuta kwa zumu, bila flashi, na lebo kama imegeukia ukutani iache hivyo hivyo.